Mwanamume akishapita 45, nguo za kushindia zibadilike au zibaki zile zile?

#1 Kipepeo_Malindi
Salaam jamaani. Sizungumzii nguo za harusi wala za Ijumaa. Nazungumzia za kushindia: za sokoni, barazani, ufukweni, za kumpeleka mtoto kinyozi. Hapa Malindi jioni ukipita njia ya baharini unamwona mtu wa miaka 60 kavaa jinzi ya kubana iliyochanwa magotini na fulana yenye fuvu la kichwa kifuani. Mjukuu wake pembeni kavaa vilevile.

Dai langu: ikifika 45 mwanamume aachane na jinzi zilizochanika, fulana za maandishi makubwa, kaptura za juu ya goti na raba za rangi za kung'aa. Kikoi, shati la kola la mikono mifupi, suruali ya kitambaa, makubadhi. Basi. Anayepinga alete hoja, asilete matusi.

#2 MtuWaLangoni
Hiyo 45 umeitoa wapi? Kwa nini isiwe 38 au 52?

Huku Amu, yaani Lamu mjini, kijana wa 18 anavaa kikoi na shati, na mzee wa 75 anavaa kikoi na shati. Mmoja anapenda mistari ya kuwaka, mwingine nyeupe yenye pindo la buluu, mambo yameisha. Hakuna mpaka wa kuvuka. Hilo lako ni tatizo la miji ya watalii, ambako kila mtu kavalia wageni.

#3 RobotaLaMalindi
Namba 1 unamlaumu mzee, lakini hujawahi kulichambua robota. Fulana za mtumba zinapofunguliwa, za kola na zisizo na maandishi hutolewa mwanzo, maana zina bei. Zinazobaki kwenye rundo la bei ya chini ni za mashindano ya mbio, za makampuni, za bendi. Na mwili mkubwa, XL na XXL, unapatikana kwa wingi humo humo. Mtu mwenye tumbo hakuchagua fuvu. Alichagua fulana inayomshuka hadi chini ya mkanda, ikaja na fuvu lake.

Kwa wanaonunua: msiangalie herufi kwenye lebo. XL ya Marekani na XL ya China ni watu wawili tofauti. Ilaze fulana juu ya meza, pima kutoka kwapa hadi kwapa. Kifua cha inchi 42 kinataka 22 au 23. Kisha tafuta mshono wa bega: uishie kwenye mfupa. Ukianguka inchi mbili chini ya mfupa, mtu mzima anaonekana kaazima nguo.

#4 FundiSindano
Nyinyi mnabishana heshima, mimi nasema ni tepu ya kupimia. Mwili wa 50 si ule wa 25 uliojazwa upepo. Umbo lenyewe hubadilika.

Tumbo likitoka, suruali ina mahali pawili pa kukaa: juu yake usawa wa kitovu, au chini yake. Ikishuka chini, ukanda hulala mbele na kuinuka nyuma, na makalio nayo yameshapungua nyama, hakuna cha kuishikilia. Ndiyo maana unamwona mtu anaivuta kila baada ya hatua kumi. Jinzi nyingi za vijana, kutoka mshono wa katikati ya mapaja kupanda hadi ukanda wa mbele, ni inchi 8 au 9. Mwenye tumbo anataka 11 hadi 12. Na jinzi haina akiba! Mshono wake wa nyuma umekunjwa ukashonwa mara mbili, ukiufumua hupati kitu. Suruali ya kitambaa iliyoshonwa na fundi huachiwa inchi moja hadi moja na nusu kila upande kwenye mshono wa nyuma, kwa hiyo mwenyewe akinenepa inafunguliwa hadi inchi mbili na haijulikani.

Mabega nayo. Yakianza kuinama, shati hupanda nyuma na kushuka mbele, kola inaachana na shingo. Dawa ni kuongeza karibu inchi moja kwenye mgongo wa juu, chini ya kola. Shida inakuja kwa mwenye mgongo wa kuinama na kitambi pamoja, maana kitambi nacho kinalinyanyua shati mbele. Huyo apimwe kutoka shingoni hadi chini, mbele peke yake na nyuma peke yake. Ukikisia, utarudishiwa.

Kwa hiyo mzee haachi jinzi kwa busara. Jinzi ndiyo inayomwacha.

#5 Kijana24
"Jinzi ndiyo inayomwacha" 😂😂 fundi umemaliza uzi mapema.

Lakini swali kwa namba 1: mbona hujataja nguo za kuachwa na vijana? Au sisi hata kanzu ya kuburura chini ruhusa?

#6 UstadhWaJioni
Tutofautishe. Dini haikuweka umri katika haya. Uchi wa mwanamume ni baina ya kitovu na magoti, awe na miaka 17 au 70. Kaptura ya juu ya goti mbele ya watu ni tatizo kwa wote wawili. Hariri na dhahabu, vilevile kwa wote wawili. Nguo kupita vifundo vya miguu wanavyuoni wamehitalifiana kama katazo ni la kila hali au ni kwa mwenye kibri, na hapo pia umri haumo.

Ninaloliona msikitini ni hili. Fulana fupi na jinzi ya kiuno cha chini: ikifika rukuu fulana inapanda, jinzi inashuka, na kipande cha chini ya mgongo kinabaki wazi. Hicho kipo ndani ya mipaka ya uchi. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, kikifunuka na mtu asikifunike papo hapo, sala ina matatizo. Jipimeni nyumbani kabla ya kutoka: inama mikono ikiwa magotini, mtu wa nyuma yako aangalie. Fulana ikikubakisha wazi, ama ivaliwe vesti ndefu iliyochomekwa, ama ibadilishwe. Kijana24, wewe ndiye nakuambia, wazee wengi wameshahamia kanzu.

#7 Kijana24
Nimesikia ustadh. 🙏

#8 Nahodha_Kusi
Mnasahau jua. Fulana nyeupe nyembamba ya pamba inazuia jua kidogo sana: kipimo chake cha kuzuia miale ya jua, kiitwacho UPF, ni 5 hadi 7 tu, na ikilowa inashuka kufika 3. Kitambaa kizito cha rangi ya giza kinazidi mara nyingi. Kwa hiyo ukiwaona watu wa mashua wamevaa mikono mirefu saa saba mchana, usidhani wanasikia baridi. Ngozi ya mtu wa 50 ina jua la miaka 50 ndani yake. Mabaka ya mikononi na masikioni ndipo yanapoanzia.

Kofia ya vito, ile ya kudariziwa, ni pambo na ni adabu, lakini haina ukingo. Masikio na kisogo vyote nje. Baharini vaa ya ukili yenye ukingo wa inchi tatu, ya vito weka ya barazani.

Mtu mzima abadilishe nguo, ndiyo, lakini kwa ajili ya ngozi. Fuvu kifuani halimdhuru mtu.

#9 BintiMkomani
Mnaopinga na mnaokubali wote wanaume, na wanaofua ni sisi.

Niwape ya ndooni. Hayo mashati yanayong'aa ya polista yanayosifiwa kuwa hayahitaji pasi: yanashika harufu ya kwapa na haitoki. Pamba hunywa unyevu, polista haiuingizi ndani, jasho linabaki juu pamoja na mafuta ya mwili. Joto la Februari na Machi huku mnalijua. Mtu akianza kuwa na umri wa kuitwa babu, shati lisitangulie kunuka kabla yake. Nunueni pamba, au pamba nyingi na polista kidogo kama mnaogopa pasi.

Kikoi kipya loweka kwanza kwenye maji ya chumvi usiku kucha, rangi ishike, la sivyo kitatia buluu boksa zote.

#10 Mpiga_Rangi
Dada namba 9, ya polista ni kweli kabisa: polista hufyonza unyevu chini ya nusu asilimia ya uzito wake, pamba asilimia 7 hadi 8, kitani hupita hapo. Lakini chumvi siyo. Chumvi inafanya kazi wakati kitambaa kiko kwenye dumu la rangi, inaisukuma rangi iingie kwenye uzi. Kikishatoka kiwandani chumvi haishikishi kitu. Kinachotoka ndooni ni rangi ya ziada isiyooshwa. Suuza kwa maji baridi, badilisha maji, suuza tena mpaka yawe meupe, kisha kifue peke yake mara mbili tatu. Siki nayo ni hadithi hiyo hiyo.

#11 BintiMkomani
Haya. Lakini mama mkwe mwambie wewe, mimi simo.

#12 MzeeWaBaraza
Wanangu, yeo mumezungumza mengi na mato yangu yamechoka kusoma. Kikoi mwakivaa vibaya, ndiyo sababu mwakikimbilia jinzi. Ndia ni hii.

Kishike nyuma yako, ncha mbili mbele, pindo la juu likae juu ya kitovu kidogo. Panua miguu upana wa mabega, la sivyo hutaweza kupanda ngazi ya gati. Leta upande wa kulia mpaka nyonga ya kushoto, uvute uchukue mwili. Kisha wa kushoto uje juu yake mpaka nyonga ya kulia. Shika pindo la juu lote, likunje kwa nje mara tatu au nne, kwa kukaza, mbele na ubavuni. Mwenye tumbo akunje chini ya tumbo na si juu yake, juu litateleza. Kikoi kipya kina wanga, kitafunguka, kifue kwanza. Kikunjo kimoja hakitoshi, kitakuaibisha mbele ya watu. Na ndani vaa kaptura nyepesi, upepo wa kusi hauna adabu.

#13 MtuWaLangoni
Shikamoo babu. Hapo kwenye ngazi ya gati ndipo wageni wanapoumbuka.

#14 Kipepeo_Malindi
Marahaba ya babu naikopa. Ila naona mitaani watu wanauita msuli kikoi na kikoi msuli.

#15 FundiSindano
Kikoi ni wazi, kipande kimoja cha pamba cha karibu sentimita 100 kwa 165 hadi 170, pindo lenye mistari na mara nyingi nyuzi za kuning'inia. Msuli umeshonwa ukawa duara, unaingia kwa miguu, unakunja ziada mbele. Kwa mwenye tumbo msuli ni salama zaidi, hauna mahali pa kufunguka. Kwa mtu wa kiuno cha inchi 46 kwenda juu, kikoi cha 165 hakifiki nyonga ya pili vizuri. Aunganishe, au anunue msuli mpana.

#16 MuuguziPwani
Naingia kwa miguu. Namba 1 ametaja makubadhi, na wengi huyachukua na ndara kama kitu kimoja. Kwa umri, nyama na mishipa ya unyayo hulegea, mguu unapanuka na kurefuka. Aliyekuwa namba 8 anaweza kuhitaji 8 na nusu au 9, na bado ananunua 8. Pima mguu jioni, ukiwa umesimama, miguu yote miwili, chukua mkubwa.

Mwenye kisukari asivae ndara za kamba ya katikati ya vidole. Ile kamba inasugua, yeye hahisi, kesho ni kidonda. Avae chenye mkanda wa kisigino na cha kufunika vidole, na akague kwa mkono ndani kabla ya kuvaa, mchanga na kokoto havionekani. Hilo halina uhusiano na heshima wala ujana.

Na kuna jingine mnaloona haya kulitaja. Wanaume wengi baada ya 50 tezi dume huongezeka, haja ndogo inakuja kwa haraka. Jinzi ya vifungo vitano mbele na mkanda mgumu ni adhabu. Kikoi, msuli, suruali ya lastiki: sekunde tatu. Mwenye kubadilisha mavazi kwa sababu hiyo hatamwambia mtu, atasema "nimekua".

#17 Shemeji_wa_Shela
Namba 16 umefichua siri ya baraza zima 😂

#18 Mwanahistoria_Njaa
Mnaichukulia jinzi kama vazi la ujana tangu Adamu. Jacob Davis na Levi Strauss walipopewa hataza ya zile njumu za shaba za kukazia mifuko mwaka 1873, suruali ile ilikuwa ya vibarua, watu wazima wa kazi ngumu. Ujana iliupata miaka ya 1950, sinema ilipoitwaa. Fulana ndiyo kabisa: jeshi la majini la Marekani liliigawa mwaka 1913 kama nguo ya ndani. Kwa mzee wa wakati ule, kutoka nje na fulana peke yake ilikuwa ni sawa na kutoka na chupi.

Nguo huzeeka pamoja na waliozivaa wakiwa vijana. Angalieni suti ya Kaunda. Miaka ya 60 na 70 ilikuwa vazi la Mwafrika mpya, aliyekataa tai. Leo kijana akiiona anaona babu. Novemba 2023 Spika Wetang'ula wa Bunge la Kenya aliikataza bungeni, ingawa Rais Ruto mwenyewe alikuwa mpenzi wa suti hiyo. Hivyo hivyo, waliokuwa na 20 mwaka 2000 wakifika 70, jinzi itakuwa nguo ya wazee na wajukuu wataicheka.

#19 RobotaLaMalindi
Naafiki nusu. Ingekuwa hivyo tu, wazee wa leo wangekuwa wamevaa suruali pana za miguu za miaka ya 70, maana ndizo za ujana wao. Ziko wapi? Zilitoweka sokoni. Mtu huvaa kilichoko rundoni.

#20 Mwanahistoria_Njaa
Zilikuja, zikaenda, zimerudi, na binti zao ndio wanaozivaa. Lakini hoja yako naipokea.

#21 MtuWaLangoni
Mimi bado nasema ni mahali. Mtu yule yule akiwa Shela ufukweni anavaa kaptura na hakuna anayegeuka. Akipanda mashua akateremka Amu mjini saa kumi, akapita njia kuu yenye upana wa punda wawili, kila baraza inamwangalia magoti. Umri wake haukubadilika kwenye mashua. Njia za mji hazipitiki kwa gari, watu wanakutana uso kwa uso, unasalimiwa na kukaguliwa kila nyumba.

#22 Kipepeo_Malindi
Lakini wakimkagua kijana wanasema "huyu mtoto wa nani?" Wakimkagua mtu mzima wanasema "huyu hana haya?" Hukumu si moja. Hapo ndipo umri unapoingia, na hapo ndipo hoja yangu ilipo.

#23 UstadhWaJioni
Hilo ni la ada, na ada ina uzito wake. Ila msilibebeshe dini.

#24 FundiSindano
Kwa kuwa kanzu imetajwa na hakuna aliyeifafanua: namba ya kanzu ya dukani, 54, 56, 58, ni urefu kwa inchi kutoka begani hadi chini. Siyo upana. Mtu wa futi 5 inchi 7 au 8 ni 56. Mwenye tumbo anaona 56 inambana, anachukua 58, inamtosha tumboni, halafu anaikanyaga kwenye ngazi ya gati na kuanguka na kapu la samaki. Dawa ni kununua 58 na kupandisha pindo inchi mbili, au kushonesha: kitambaa cha upana wa inchi 58 au 60, mita tatu hadi tatu na nusu kutegemea urefu na mikono. Mwambie fundi aongeze inchi moja na nusu mbele pekee, maana tumbo linanyanyua pindo la mbele, na ukisimama pembeni kanzu inaonekana imepanda kama pazia bovu.

Kitambaa cha kushindia kisiwe kile cheupe chembamba kinachoonyesha boksa mkiwa mmeipa jua mgongo. Kiweke mkono nyuma yake dukani. Ukihesabu vidole, kina haja ya shuka ya ndani.

#25 Kijana24
Sasa mmetoka jinzi mmefika kanzu. Kofia je? Ya mashine na ya mkono mtu wa kawaida atazijuaje?

#26 MzeeWaBaraza
Igeuze ndani. Ya mkono nyuma ni safi kama mbele, vito vimeshikwa kimoja kimoja. Ya mashine utaona uzi umerukaruka. Ya mkono ina miezi ya mtu ndani yake, usiishindie kwa kutolea taka. Ikichafuka isugue kwa brashi laini na sabuni, itie wanga mwepesi wa muhogo, ivishe juu ya kopo la ukubwa wa kichwa chako ikauke kivulini. Ukiikausha kwa kuning'iniza itapinda, na ikishapinda haikai tena kichwani.

#27 BintiMkomani
Babu, na wale wanaotia hina ndevu kisha wakavaa fulana ya fuvu?

#28 MzeeWaBaraza
Hao ni wa Malindi.

#29 Kipepeo_Malindi
Tulianza vizuri, sasa tunatukanwa mji mzima. Fundi, swali la mwisho: nina suruali mbili za kitani, kiuno 36, sasa mimi ni 38. Lastiki inaingia?

#30 FundiSindano
Lastiki inakusanya, haiongezi. Tazama kwanza mshono wa nyuma. Ukiwa na akiba ya inchi moja na nusu kila upande, inafunguliwa ukafika 38 bila lastiki. Ukiwa hauna, unapasuliwa ukanda pande mbili juu ya mifuko, kila upande unatiwa kipande cha inchi mbili na nusu cha kitambaa cha kufanana, kisha lastiki ya upana wa ukanda inapitishwa humo ikikivuta kipande kibaki inchi moja. Unapata 38 ya kukaa na 41 ya baada ya pilau. Ifue kabla ya kuileta, kitani hunywea.